Steringi ana jina, adui ana lafudhi tu: namna filamu zinavyotuchorea watu tusiowajua

Kiti cha Nyuma (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Filamu ya kawaida ina saa mbili. Ndani ya saa hizo inatakiwa imtambulishe steringi, adui, mchumba, rafiki wa steringi, mkuu wa polisi na wapita njia chungu nzima. Haiwezekani kila mmoja aelezwe alikotoka. Kwa hiyo waandishi na waongozaji hukata njia: wanachukua picha ambayo mtazamaji anayo tayari kichwani kuhusu kundi fulani, wanamvisha mwigizaji, wanasonga mbele. Mwarabu akionekana uwanja wa ndege na begi, muziki unabadilika. Mwanamke mweusi mnene mwenye aproni, tunajua ni mtumishi mwenye huruma. Mwenye kovu usoni tumeshamshuku kabla hajafungua mdomo.

Hizo ndizo fikra mgando, na nimefungua uzi huu kwa sababu naamini huwa tunazijadili kwa kuanzia mahali pasipo. Tunauliza: kundi hili limeoneshwa kwa wema au kwa ubaya? Mimi nasema tuulize kwanza: nani kapewa muda? Nani kaachiwa dakika chache za kuwa binadamu tu, kuwaza, kusitasita, kutaka jambo lake mwenyewe? Na nani kaletwa ili apike, achekeshe, atoe ushauri au apigwe risasi, kisha aondoke?

Tuanze na ufundi wenyewe, maana fikra mgando haziletwi na maneno peke yake.

Sikilizeni lafudhi. Katika *Aladdin* ya Disney (1992) watu wote ni wa mji mmoja wa Kiarabu, lakini Aladdin na Jasmine wanaongea kama vijana wa Marekani, huku walinzi na wachuuzi wakipewa lafudhi nzito na pua kubwa. Mtoto hafundishwi kwa maneno kwamba Mwarabu mzuri ni yule asiyesikika kama Mwarabu, ila ndicho anachokisikia kwa saa moja na nusu. Wimbo wa ufunguzi ulikuwa na mstari unaosema kwamba huko watu hukukata sikio wasipoipenda sura yako. Baada ya American-Arab Anti-Discrimination Committee, chama cha kutetea Wamarekani wa asili ya Kiarabu, kulalamika, mstari huo ulibadilishwa mwaka 1993 kwa ajili ya kanda za kuangalia nyumbani, lakini neno la kwamba mahali hapo ni pa kishenzi liliachwa. Njooni kwenye *The Lion King* (1994). Mufasa na Scar ni ndugu wa damu, lakini Mufasa ana sauti ya Kimarekani ya James Earl Jones na Scar ana Kiingereza cha Uingereza cha Jeremy Irons. Fisi nao, wale wanaokaa gizani nje ya mpaka, wawili kati yao walipewa sauti za Whoopi Goldberg na Cheech Marin, yaani sauti ambazo Mmarekani anazihusisha na weusi na Walatino wa mijini.

Tazameni rangi. *Traffic* (2000) ilipaka sehemu za Meksiko umanjano mkali uliokauka, huku Marekani ikiachiwa rangi nyingine. Pale ilikuwa mbinu ya kumsaidia mtazamaji asipotee kati ya hadithi tatu. Lakini tangu hapo umanjano huo umekuwa desturi: nchi maskini yenye joto inapigwa manjano, na mtazamaji anahisi vumbi, maradhi na hatari kabla hajaoneshwa chochote.

Halafu kuna umati usio na majina. Katika *Stagecoach* (1939) ya John Ford, abiria wa gari la farasi kila mmoja ana hadithi yake: kahaba aliyefukuzwa mjini, daktari mlevi, mke wa afisa mwenye mimba, mfanyabiashara wa pombe. Filamu inawapenda wote, na inastahili sifa kwa hilo. Waapache, wenyeji wa asili wa Marekani wanaowashambulia, hawapewi hata sentensi moja ya kueleza wanachokipigania. Wanatokea juu ya kilima, wanakimbiza gari, wanaanguka kutoka kwenye farasi. Walioigiza walikuwa Wanavajo wa eneo la Monument Valley, taifa jingine kabisa. Kwa kamera ile, wenyeji wa asili walikuwa kitu kimoja.

Na msidhani haya yana madhara ya kwenye skrini tu. *The Birth of a Nation* ya D. W. Griffith (1915) iliwaonesha wanaume weusi kama wanyama wanaowinda wanawake wa kizungu, na wahusika wakuu weusi waliigizwa na wazungu waliojipaka rangi. Iliwageuza Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi lililowatesa na kuwaua weusi, kuwa mashujaa. Ilioneshwa Ikulu ya Marekani kwa Rais Woodrow Wilson. Mwaka huohuo Klan iliyokuwa imekufa ikaundwa upya huko Georgia, na filamu ile ikatumika miaka mingi kuvutia wanachama. NAACP, chama cha kutetea haki za weusi wa Marekani, waliipinga mji kwa mji, ila ilikuwa miongoni mwa filamu zilizotazamwa zaidi za enzi zake. Kinachouma ni kwamba kiufundi ilikuwa filamu ya hali ya juu. Uhariri wake ulifundisha vizazi vya waongozaji, na ufundi huohuo ndio uliomfanya mtazamaji ashangilie wauaji.

Naomba michango yenu. Wanaopinga wapinge, nitajibu.

---

Mtazamaji Mkongwe

Mleta mada, kongole kwa kuandika kwa utulivu. Naomba kutofautiana.

Mosi, filamu ni burudani. Lazima awepo adui, na adui lazima atoke kundi fulani. Ukiwaogopa Waarabu utaweka Warusi, ukiwaogopa Warusi utaweka Wajerumani. Kila mtu ana zamu yake. Pili, umesahau kwamba wazungu nao wamechorwa. Mwitaliano kwenye filamu ni jambazi wa mafia, Mrusi ni jasusi mlevi, Mwingereza ni adui msomi, na wewe mwenyewe umemtaja Scar. Mbona hatusikii Waingereza wakilia? Tatu, mimi nimeangalia filamu za Warusi wabaya tangu utotoni na sijawahi kumchukia Mrusi hata mmoja.

---

Kiti cha Nyuma

Mkuu, hoja zako zina mashiko, hasa hiyo ya Waitaliano, na hapo ndipo panapodhihirisha ninachokisema.

*The Godfather* (1972) inahusu majambazi wa Kiitaliano, hilo halina ubishi. Lakini inaanza na harusi inayochukua karibu nusu saa. Unaona baba akisikiliza shida za watu, watoto wakicheza, ndugu wakitaniana, mtu akifanyia mazoezi maneno atakayomwambia bosi. Mpaka risasi ya kwanza ilie, unawajua watu wale kama familia. Muongozaji, Francis Ford Coppola, mwenyewe ni wa asili ya Italia. Na hata hivyo, kabla ya upigaji, jumuiya ya Wamarekani wa asili ya Italia ilipinga hadi watayarishaji wakakubali kuondoa neno mafia kwenye mswada. Kundi lenye nguvu ya kukaa mezani na watayarishaji, na lenye mtu wake nyuma ya kamera, huonekana mhalifu na bado likabaki na ubinadamu wake. Linganisha na Waapache wale wa 1939.

Kuhusu Waingereza: Scar ni Mwingereza kwa sauti, lakini James Bond pia ni Mwingereza, Sherlock Holmes ni Mwingereza, wafalme, madaktari na wapenzi wa kwenye filamu mia ni Waingereza. Picha moja mbaya inazama ndani ya picha nyingi nyingine. Jack Shaheen, msomi wa Marekani mwenye asili ya Lebanoni, alipitia filamu zaidi ya 900 zenye wahusika Waarabu na kuchapisha matokeo mwaka 2001. Kwa sehemu kubwa mno alikutana na gaidi, shehe tajiri mwenye tamaa, mcheza ngoma wa tumbo, na mwanamke aliyefunikwa asiyesema kitu. Waarabu wa kawaida, daktari, mama, mwalimu wa hesabu, walikuwa wachache sana. Mtazamaji ambaye hajawahi kuishi na Mwarabu atampata wapi mwingine?

Ndiyo maana wewe hukumchukia Mrusi, mkuu. Ulikuwa na vyanzo vingine.

---

Macho Mepesi

Nimesoma nikaona nisipite kimya. Mimi nina ualbino.

Filamu *The Da Vinci Code* (2006) ina mtawa muuaji mwenye ualbino, Silas. Anapiga risasi usiku, bila miwani. Kila anayeishi na ualbino akiona tukio lile anajua mara moja kwamba walioliandika hawakuwahi kukaa na mmoja wetu. Wengi wetu uoni wetu ni hafifu na mwanga unatutesa. Mimi kumtambua mtu upande wa pili wa barabara ni shida. Huko Marekani chama cha watu wenye ualbino, NOAH, kilitoa malalamiko yake wakati huo, kikieleza kwamba muuaji mweupe wa ajabu ajabu ameshakuwa mazoea ya filamu. Na ni kweli: ni pacha wanaopita ukutani, ni mchawi, ni mzimu, ni muuaji wa kukodiwa. Mwenye ualbino anayepeleka mtoto shule na kudaiwa kodi, sijamwona.

Mtu mwingine akiona filamu ile anasahau kesho yake. Mimi ndiye ninayeingia kwenye basi na watu wanaoniangalia kwa macho waliyoazimwa na filamu. Ngozi yangu imefanywa vazi la uovu, na sina namna ya kulivua.

Watu wenye makovu usoni wana kilio kama hichohicho. Shirika la Changing Faces la Uingereza lilianzisha kampeni, na mwaka 2018 British Film Institute, taasisi ya filamu ya Uingereza, ikatangaza haitatoa tena fedha kwa filamu zinazotumia kovu kama alama ya ubaya. Miaka mitatu baadaye ikatoka *No Time to Die* (2021), na adui mkuu ana uso wenye makovu. Walioitengeneza hawakuhitaji fedha za taasisi ile.

---

Binti wa Mswada

Dada au kaka Macho Mepesi, asante sana kwa kuandika. Hayo ya macho sikuyajua, na mimi naandika miswada kwa kazi.

Wacha niseme mambo yanavyokwenda chumbani kwetu, maana watu wanadhani kuna mtu anakaa na kupanga kulidhalilisha kundi fulani. Mara nyingi hakuna. Kuna tarehe ya kukabidhi kazi na mtayarishaji anayeuliza, "Huyu mtu watamwelewa haraka?" Ukiandika mlinzi anayesoma vitabu vya falsafa unaambiwa watazamaji watashangaa, watadhani kuna siri, itabidi uieleze. Ukiandika mlinzi anayesinzia, linapita bila swali. Mhusika asiyefanana na matarajio hula dakika, na dakika ni fedha. Kwa hiyo mleta mada yuko sahihi kwamba suala ni muda, ila muda huo una mwenye nao.

Baada ya hapo mwigizaji naye anabanwa. Sessue Hayakawa, Mjapani, alipata umaarufu mkubwa Hollywood kwa *The Cheat* (1915), filamu ambayo anamchoma mwanamke wa kizungu bega kwa chuma cha moto. Wajapani wa Marekani walipinga. Filamu ilipotolewa tena mwaka 1918 mhusika alibadilishwa kuwa Mburma, tendo lilelile, sura ileile. Yaani Mwasia yeyote angetosha, mradi asiwe wa taifa lenye sauti ya kulalamika.

Kuanzia 1934 mpaka 1968 Hollywood ilikuwa pia na mwongozo wa maadili, maarufu kama Hays Code, uliokataza kuonesha mapenzi kati ya weupe na weusi. Studio zikaunyoosha hadi kwa Waasia. *The Good Earth* (1937) ni hadithi ya wakulima wa Kichina. Mume alipewa Paul Muni, mzungu aliyepambwa afanane na Mchina. Basi Anna May Wong, nyota mkubwa wa asili ya China, akawa hawezi kuigiza mke wake, kwa kuwa mume ni mzungu kweli na mke si mzungu. Nafasi ikaenda kwa Luise Rainer, naye akashinda Oscar kwa kuigiza Mchina. Nimeifikiria habari hii mara nyingi. Kwa miaka mingi Anna May Wong aliwekwa kwenye nafasi za mwanamke laghai wa Kiasia, na ilipokuja nafasi ya mwanamke mkulima mvumilivu, kanuni ikamfungia mlango.

---

Kanda ya Zamani

Naongezea upande wa waigizaji weusi.

Hattie McDaniel alikuwa mweusi wa kwanza kushinda Oscar, kwa kuigiza mtumishi katika *Gone with the Wind*. Usiku wa tuzo, Februari 1940, ukumbi ulikuwa kwenye hoteli isiyopokea weusi. Akakalishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu ileile. Baadaye viongozi wa NAACP wakamlaumu kwa kukubali nafasi za utumishi kila mara. Mimi namwonea uchungu. Aliyebanwa ni yeye, na aliyelaumiwa ni yeye, wakati waandishi waliokuwa hawamwandikii kitu kingine hawakuitwa kujieleza.

Hali kama hiyo ilimkuta Paul Robeson. Aliigiza chifu mtiifu kwa Waingereza katika *Sanders of the River* (1935) akiamini ataonesha utamaduni wa Kiafrika kwa heshima. Filamu ilipokamilika ikawa sifa kwa utawala wa kikoloni, naye akaikana hadharani. Na kwa faida ya wasiojua: miongoni mwa waigizaji wa ziada kwenye filamu ile alikuwamo Jomo Kenyatta, aliyekuwa masomoni London. Rais wa baadaye, kwenye filamu inayoonesha kwamba Mwafrika hawezi kujitawala bila afisa wa kikoloni, Bwana Sanders.

Waingereza waliendelea zaidi. Mwaka 1939 waliunda Colonial Film Unit, kitengo cha kutengeneza filamu za makoloni, na mkuu wake, William Sellers, aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu yenye mikato ya haraka, hivyo picha ziwe ndefu, taratibu, bila hila za kamera. Hapa fikra mgando ilikuwa juu ya mtazamaji mwenyewe aliyekaa mbele ya skrini.

---

Nuru Ndogo

Mimi nina swali kwa mleta uzi. Kama tatizo ni ubaya, si dawa ni kuonesha wema? Mbona siku hizi filamu nyingi zina mweusi ambaye ni jaji, daktari, mtu wa hekima? Hilo si limeshatatuliwa?

---

Kiti cha Nyuma

Swali zuri, na ndiyo sababu nilikataa kuanza na wema na ubaya.

Angalia *Guess Who's Coming to Dinner* (1967). Sidney Poitier ni daktari mweusi anayetaka kumwoa binti wa kizungu. Filamu ilikuwa na ujasiri: ilipokuwa ikitengenezwa, majimbo kadhaa ya Marekani bado yalikataza ndoa hizo, na Mahakama Kuu iliyafuta marufuku hayo Juni 1967, miezi michache kabla haijatoka. Lakini daktari huyu ni mkamilifu kupita kiasi. Ana sifa za kimataifa, ana adabu, hana kosa hata moja, na bado familia inakaa siku nzima kuamua kama anafaa. Binti anayeolewa hakuulizwa sifa zozote. Ujumbe unaobaki, hata kama walioitengeneza hawakuukusudia, ni kwamba mweusi ili akubalike lazima awe malaika.

Kuna aina nyingine ya mwema: mtu mweusi mwenye nguvu za ajabu anayekuja kumponya mzungu. Spike Lee aliisema sana aina hii mwaka 2001. *The Green Mile* (1999) ndiyo mfano wake: John Coffey anaponya ugonjwa wa askari magereza, anamponya mke wa mkuu wa gereza, kisha anauawa kwenye kiti cha umeme kwa kosa asilolitenda. Nililia nilipoiangalia mara ya kwanza, na bado naiona ina nguvu. Lakini jaribu kujibu: Coffey alitoka wapi? Ana mama? Alipenda nani? Anataka nini, mbali na kupumzika? Filamu ya saa tatu haikupata nafasi ya kutuambia.

Wanawake wamekutana na hili kwa njia yao. Mwaka 1985 mchoraji wa katuni Alison Bechdel aliweka kipimo kwenye katuni yake: filamu iwe na wanawake wawili angalau, waongee wao kwa wao, na waongee jambo lisilokuwa mwanamume. Kipimo chepesi kabisa, hakisemi chochote kuhusu ubora, na bado filamu kubwa nyingi hukianguka. Kinapima kilekile: je, kuna dakika ambayo watu hawa wapo kwa ajili yao wenyewe?

---

Mtazamaji Mkongwe

Nimerudi. Ya Aladdin na ya ndugu mwenye ualbino yamenigusa, sitabisha. Ila bado nina mawili.

Kwanza, mnaongea kama Hollywood ndiyo yenye dhambi peke yake. Filamu za Kihindi na za Kinigeria je?

Pili, tukifuata njia hii hatutakuwa na adui tena. *Parasite* ya Wakorea (2019) ina familia maskini ambayo ni matapeli na mwisho kuna kuuana. Kwa mantiki yenu, si hiyo ni kuwatukana maskini? Mbona ilipewa Oscar ya filamu bora na kila mtu akapiga makofi?

---

Kanda ya Zamani

La kwanza nalijibu mimi. Hakuna tasnia iliyo safi. Kwenye filamu za Kihindi za Mumbai, watu wa kusini mwa India wamefanywa vichekesho kwa miaka mingi. *Padosan* (1968) inapendwa hadi leo, na humo Mehmood anaigiza mwalimu wa muziki wa kusini kwa lafudhi ya kuchekesha na nywele za kisogoni. Anachekesha kweli. Lakini kwa mtazamaji wa kaskazini aliyekua na filamu kama hizo, mtu wa kusini ni kichekesho kwanza, jirani baadaye. Filamu za Kinigeria nazo zina binti wa kazi za ndani ambaye kazi yake ni kuangusha sahani au kumchukua mume wa tajiri wake, na mama mkwe aliyekuja kuvunja ndoa.

Na kwa huyo binti wa kazi, tayari kuna filamu iliyomjibu. Ousmane Sembène wa Senegali alitoa *La Noire de...* mwaka 1966. Diouana, msichana wa Dakar, anapelekwa Ufaransa na familia ya kizungu akidhani anakwenda kulea watoto, anajikuta mpishi na mfuaji asiyetoka nje. Mbele ya wenyeji wake hasemi karibu lolote. Wageni wakija chakula cha mchana wanamjadili kama vile hayupo. Lakini sisi tunaisikia sauti ya mawazo yake tangu mwanzo: anachotamani, anachokasirikia, alivyodanganywa. Sembène hakumpa hotuba. Alimpa masikio yetu. Mtu yuleyule ambaye kwenye filamu nyingine angepita na sinia, hapa ndiye anayetuongoza, na wazungu ndio wanaokosa majina, ni Bibi na Bwana tu.

Kumbukeni pia kwamba tangu 1934 Ufaransa ilikuwa na sheria, Laval Decree, iliyomtaka yeyote anayetaka kupiga filamu kwenye makoloni yake ya Afrika apate kibali kwanza, na Waafrika walinyimwa. Sembène mwenyewe, kwenye mjadala wa mwaka 1965, alimwambia muongozaji Mfaransa Jean Rouch usoni kwamba anawatazama Waafrika kama wadudu. Na Rouch alikuwa mmoja wa waliokuwa na nia njema.

---

Kiti cha Nyuma

La *Parasite* nalichukua, maana ni swali gumu kuliko yote humu.

Familia ya Kim ni matapeli, kweli. Lakini unamjua kila mmoja wao. Unajua binti ana kipaji cha kughushi vyeti na kiburi cha kukitumia, unajua baba ameshindwa biashara mara kwa mara na sasa haamini mipango. Wanakosea kwa sababu zao wenyewe. Kuwa maskini hakujatumika kuwa maelezo ya tabia zao. Bong Joon-ho amekwenda mbali zaidi: ameichukua fikra mgando yenyewe akaifanya tukio. Bwana Park, tajiri, amelala kwenye kochi pamoja na mkewe, akimweleza harufu ya dereva wake, harufu ya watu wanaopanda treni ya chini ya ardhi. Dereva huyo amejificha chini ya meza hatua chache tu kutoka hapo, na anasikia kila neno. Filamu ya kawaida ingetuweka upande wa pua ya tajiri. Hii inatuweka chini ya meza.

Kwa hiyo sitaki maadui waishe, mkuu. Nataka adui aliyepewa muda kama alivyopewa steringi.

---

Macho Mepesi

Naongeza moja kuhusu nani aigize, kwa kuwa muda hautoshi kama anayeujaza hajui anachokiigiza. Harold Russell alikuwa askari aliyepoteza mikono yote miwili. Mwaka 1946 aliigiza askari kama yeye katika *The Best Years of Our Lives*. Kuna tukio analala kitandani na kumwonesha mchumba wake jinsi anavyovua mikono ya bandia, na jinsi baada ya hapo hawezi hata kufungua mlango. Hakuna kinachofichwa na hakuna kinachopambwa. Alipewa Oscar mbili kwa nafasi hiyo moja. Baada yake tulisubiri hadi Marlee Matlin, kiziwi, aliposhinda mwaka 1987, kisha Troy Kotsur wa *CODA* mwaka 2022. Wote watatu waliigiza maisha wanayoyajua, na hakuna hata mmoja ambaye ulemavu wake ulitumika kutisha watu.

---

Binti wa Mswada

Kwa kumalizia upande wa kanuni: waandaaji wa Oscar walitangaza mwaka 2020 vigezo vya ujumuishi kwa filamu inayotaka tuzo ya filamu bora, vikaanza kutumika kwenye tuzo za 2024. Vinahusu nani yupo mbele ya kamera, nani yupo nyuma, nani anapewa mafunzo. Naviunga mkono, kwa sababu bila watu chumbani hakuna atakayesema kwamba mwenye ualbino haoni mbali. Lakini filamu inaweza kuvitimiza vyote na bado ikawa na mlinzi anayesinzia. Hilo linabaki kwetu waandishi, kwenye ukurasa. Mimi siku hizi, kabla ya kukabidhi mswada, nampitia kila mhusika mdogo na kuandika pembeni alikuwa anafanya nini saa moja kabla hajaingia kwenye tukio. Mara nyingi sentensi moja ya hapo inaingia kwenye mazungumzo, na mtu anapata uhai kwa gharama ya sekunde nne.

---

Mtazamaji Mkongwe

Hiyo ya saa moja kabla nimeielewa kuliko nadharia zote. Bado nasema burudani ni burudani, na wapo wanaoona ubaguzi hata pasipo na kitu. Ila nataka niione hiyo ya Sembène. Ni ndefu?

---

Kanda ya Zamani

Ni fupi mkuu, inazunguka kwenye saa moja, nyeusi na nyeupe, lugha ni Kifaransa. Tafuta nakala yenye tafsiri chini. Ukimaliza rudi hapa utuambie kama Bibi yule umemwona ni adui, maana mimi na mke wangu hatujakubaliana mpaka leo.